Viungo vya jikoni na matatizo ya tumbo: kipi kimethibitishwa, kwa tatizo lipi, na kwa kipimo gani?

Katika nyumba nyingi za Tanga, Unguja, Mombasa na Lamu, mtu akilalamikia tumbo hupikiwa kwanza chai ya tangawizi, hupewa karafuu mbili za kutafuna, au hukorogewa habasoda na asali, na duka la dawa hufikiriwa baadaye. Viungo hivi vinazungumzwa sana, na wazungumzaji hugawanyika pande mbili: wapo wanaosema kila kiungo kinatibu kila ugonjwa, na wapo wanaosema yote hayo ni mazoea ya wazee tu. Nimefungua uzi huu kwa sababu naona pande zote mbili zinaliruka swali lenye maana, nalo ni kiungo kipi, kwa tatizo lipi, na kwa kiasi gani. Kichefuchefu ni tofauti na kiungulia, kiungulia ni tofauti na gesi, na kuhara na vidonda vya tumbo ni mambo mengine kabisa. Kiungo kinachotuliza mojawapo ya hayo kinaweza kulichochea jingine.

Ninaposema ushahidi nina maana ya majaribio yaliyofanywa kwa watu, ambapo kundi moja hupewa kiungo chenyewe na kundi jingine hupewa kidonge kinachofanana nacho lakini kisicho na dawa, bila wagonjwa kujua nani kapewa nini. Utaratibu huu ni wa lazima kwa sababu maradhi mengi ya tumbo hupanda na kushuka yenyewe, na mtu aliyekunywa chochote siku ambayo maumivu yangepungua kwa vyovyote vile atakisifu alichokunywa. Majaribio ya panya na ya maabara nitayataja pale tu ambapo hakuna kingine cha kutaja.

Tangawizi ndiyo yenye ushahidi mwingi kuliko viungo vyote vya kabati letu, na ushahidi huo umejikita zaidi katika kichefuchefu. Mwaka 2001 watafiti wa Chiang Mai, Thailand, walichapisha jaribio la wanawake wajawazito 70 waliokuwa wakisumbuliwa na kichefuchefu, ambapo waliowekwa kwenye kundi la tangawizi walipewa gramu 1 ya unga kwa siku, iliyogawanywa katika vidonge, kwa muda wa siku 4. Katika kundi hilo wanawake 28 kati ya 32 walipata nafuu, ilhali kwa waliopewa kidonge kitupu waliopata nafuu ni 10 kati ya 35. Majaribio mengine yaliyofuata katika nchi mbalimbali yameelekea huko huko kuhusu kichefuchefu, ingawa kuhusu kutapika kwenyewe matokeo hayana uthabiti huo. Kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa kali zinazosababisha kichefuchefu, jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2012, lenye wagonjwa 576, lilionyesha kwamba nusu gramu hadi gramu moja na nusu kwa siku, ikiongezwa juu ya dawa za hospitali, ilipunguza kichefuchefu cha siku ya kwanza. Nasisitiza maneno "juu ya dawa za hospitali", kwa kuwa hakuna mgonjwa aliyeachishwa dawa zake.

Namna tangawizi inavyofanya kazi inaeleweka kwa kiasi kizuri. Ukali wake unatokana na kemikali ziitwazo gingeroli, na tangawizi inapokaushwa au kupikwa sehemu ya gingeroli hizo hugeuka kuwa shogaoli, ambazo ni kali zaidi. Ndiyo maana tangawizi kavu huwasha kuliko mbichi. Kemikali hizi huzuia vipokezi vya serotonini (kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini) vilivyomo katika neva za utumbo, vile vile ambavyo ondansetroni, dawa ya hospitali ya kuzuia kichefuchefu, huvizuia, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Zaidi ya hayo, tangawizi huliharakisha tumbo kukimimina chakula kwenye utumbo mwembamba. Nchini Taiwan, katika utafiti wa mwaka 2008, watu 24 wenye afya walikunywa supu baada ya kumeza gramu 1.2 za tangawizi, na muda wa nusu ya supu hiyo kutoka tumboni ulikuwa dakika 13, ambapo bila tangawizi ulikuwa dakika 27 hivi. Lakini jaribio kama hilo lilipofanywa mwaka 2011 kwa wagonjwa 11 wenye tatizo la kusaga chakula, tumbo liliharakishwa kweli, ila wagonjwa hawakuripoti kujisikia tofauti. Haya ndiyo mambo ya kuyaweka pamoja unaposoma habari za dawa za asili: jambo linaweza kutokea tumboni na likapimwa kwa mashine, na bado mgonjwa asipate nafuu aliyokuwa akiitafuta.

Kuhusu kipimo, gramu moja ya unga wa tangawizi ni takriban nusu kijiko cha chai. Tangawizi mbichi ina maji kiasi cha asilimia 80, kwa hiyo gramu 5 za mbichi hukaribia gramu 1 ya kavu. Mpikaji wa kahawa ya tangawizi barazani, yule anayeitwanga hadi kahawa iwashe koo, pengine anakitoa kipimo hicho katika vikombe vichache. Mifuko ya chai iliyoandikwa "tangawizi" haina uhakika huo, kwa sababu mingine ina harufu tu. Mjamzito anayetaka kutumia tangawizi asizidishe gramu 1 kwa siku, na amweleze mkunga au daktari wake kliniki. Akiwa anatapika hata maji, au mkojo umepungua na kuwa mweusi, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Manjano yanafuata, na hapa habari ni mpya zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Thailand walichapisha jaribio lililoanza na wagonjwa 206 wenye maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo, kujaa na kushiba mapema bila kidonda kilichoonekana. Kundi moja lilipewa vidonge vya kurkumini, ambayo ndiyo kemikali kuu ya manjano, miligramu 250 kila kidonge, viwili kwa mara nne kila siku. Kundi la pili lilipewa omeprazoli miligramu 20, ile dawa ya kupunguza tindikali ambayo wengi wetu tunaijua. Na kundi la tatu lilipewa vyote viwili. Baada ya siku 28, na tena baada ya siku 56, makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayolingana. Ni matokeo ya kutia moyo, na mimi nayachukulia kwa uzito. Hata hivyo halikuwepo kundi lililopewa kidonge kitupu, kwa hiyo haiwezekani kujua ni sehemu gani ya nafuu hiyo ingekuja yenyewe, na muda wa ufuatiliaji ulikuwa mfupi.

Tusilichukue jaribio hilo kama ruhusa ya kulamba manjano kwa vijiko. Kurkumini hufyonzwa kwa shida sana mwilini, na pilipili manga huongeza ufyonzwaji huo kwa sababu ya kemikali yake ya piperini: mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba miligramu 20 za piperini ziliongeza kiwango cha kurkumini katika damu ya watu mara 20. Watengenezaji wa vidonge wakalichukua jambo hilo na kuchanganya viwili hivyo, na katika miaka ya karibuni wameripotiwa watu walioumia ini baada ya kuvitumia, nchini Italia na Marekani miongoni mwa nchi nyingine. Manjano ya kwenye mchuzi hayana historia hiyo. Lipo pia tatizo la udanganyifu sokoni: nchini Bangladesh watafiti walibaini kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiyatia manjano rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na taarifa zao za mwaka 2019 zikaifanya serikali ichukue hatua. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Ushauri wangu ni kununua mizizi mizima ya manjano, kuikausha na kuitwanga nyumbani kwa kinu na mchi, hasa kama nyumba ina watoto wadogo.

Sasa nije kwenye jambo lililonisukuma zaidi kuandika, yaani vidonda vya tumbo na habasoda. Habasoda ina heshima kubwa kwetu Waislamu kwa sababu ya hadithi ya Mtume inayoitaja kuwa ni shifaa, na sina nia ya kuigusa heshima hiyo. Ninachotaka kukieleza ni kile kilichopimwa. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walifaulu kumwotesha maabara bakteria anayeishi tumboni, Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao yeye mwenyewe akaugua, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobeli. Tangu hapo inafahamika kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria huyo, na vingi vya vilivyobaki husababishwa na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Mawazo mengi na pilipili huweza kuyazidisha maumivu, lakini si chanzo chake kikuu.

Je, habasoda inamuua bakteria huyo? Mwaka 2010 watafiti wa Saudi Arabia walichapisha jaribio la wagonjwa 88. Kundi moja lilipewa tiba ya kawaida ya antibayotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, na makundi mengine matatu yakapewa omeprazoli pamoja na habasoda ya unga, gramu 1, 2 au 3 kwa siku. Tiba ya kawaida iliwaondoa bakteria kwa asilimia 82.6 ya wagonjwa. Habasoda gramu 2 iliwaondoa kwa asilimia 66.7, gramu 1 kwa asilimia 47.6, na gramu 3 kwa asilimia 47.8. Tarakimu hizi ni za kuvutia, na zinastahili jaribio kubwa zaidi, kwa maana kila kundi lilikuwa na watu ishirini na kitu tu, na si rahisi kueleza kwa nini gramu 3 ziwe dhaifu kuliko 2. Lakini hata tukiyakubali matokeo kama yalivyo, mtu 1 kati ya 3 katika kundi lililofanya vizuri zaidi alibaki na bakteria, naye alikuwa akipewa omeprazoli pia.

Mtu anayejitibu nyumbani kwa habasoda na asali peke yake yuko mbali na hali ya jaribio hilo. Maumivu yake yanaweza kupungua, akaamini amepona, huku bakteria wakiendelea. Na tangu mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limemweka bakteria huyu katika orodha ya visababishi vya saratani. Kwa hiyo anayehisi ana vidonda apimwe kwanza. Kipimo cha kinyesi au cha pumzi huonyesha maambukizi yaliyopo sasa, ilhali kipimo cha damu huweza kuonyesha maambukizi ya zamani yaliyokwisha kutibiwa, na ndiyo sababu watu huambiwa "bado unao" miaka baada ya kupona. Amalize antibiotiki zake siku zote alizoandikiwa, kisha apimwe tena baada ya wiki nne au zaidi. Akitaka kula habasoda pamoja na tiba hiyo, amwambie daktari.

Kwa msokoto wa tumbo na gesi, mmea wenye ushahidi bora ni nanaa, hasa mafuta yake. Mentholi iliyomo huizuia misuli ya utumbo isijikaze, kwa kuifunga milango ambayo kalisiamu hupitia kuingia ndani ya seli za misuli. Majaribio mengi yamefanywa kwa wagonjwa wenye utumbo unaosumbua kwa muda mrefu, wanaopata maumivu pamoja na kubadilika kwa choo, na chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kiliyataja mafuta haya katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kama njia mojawapo ya kupunguza dalili. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2020, lenye wagonjwa 190, halikufikia lengo lake kuu, ingawa maumivu na usumbufu vilipungua. Kwa hiyo tuseme inasaidia baadhi ya watu, kwa kiasi cha wastani. Vidonge vilivyojaribiwa vina ganda linalovifanya vifunguke ndani ya utumbo. Nanaa inayofunguka mapema huulegeza mlango wa juu wa tumbo, na mwenye kiungulia akinywa chai yake baada ya futari nzito atajuta usiku kucha. Ujerumani wanayachanganya mafuta ya nanaa na ya kisibiti, na mchanganyiko huo umefanya vizuri katika majaribio kadhaa ya watu wanaojaa na kuvimbiwa. Bizari nyembamba, ndugu wa karibu wa kisibiti, imejaribiwa Iran bila kundi la kulinganisha, kwa hiyo bado ni mapema kuisemea.

Karafuu inaniuma kidogo kuiandika, kwa sababu Unguja na Pemba zimeishi kwayo tangu karne ya 19, na ningependa iwe na ushahidi mkubwa. Eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yake, hutia ganzi, na madaktari wa meno wanaitumia hadi leo. Kwa tumbo, tulicho nacho ni matokeo ya panya, ambao ute unaolinda kuta za tumbo uliongezeka, na matokeo ya maabara kuhusu kuua vijidudu. Kutafuna karafuu moja au mbili hakudhuru mtu mzima. Mafuta yake ni jambo jingine: mtoto wa miaka 2 nchini Uingereza alikunywa kati ya mililita 5 na 10, akapoteza fahamu na ini lake likaharibika, na aliokolewa kwa shida. Chupa ya mafuta ya karafuu ikae juu, mbali na mikono ya watoto. Hiliki na mdalasini viko katika hali kama ya karafuu. Vina harufu ya kuamsha hamu ya kula, vimejaribiwa kwa wanyama, na kwa watu ushahidi wa tumbo ni haba.

Nyongeza, baada ya maswali yaliyoulizwa hapa chini.

Ndugu aliyeuliza kama pilipili huharibu tumbo: kwa mwenye kiungulia, huongeza hisia ya kuungua, na aiache. Lakini Italia mwaka 2002 watu 30 wenye maumivu ya tumbo yasiyo na kidonda walijaribiwa kwa unga wa pilipili nyekundu gramu 2.5 kwa siku ndani ya vidonge, na baada ya wiki 5 dalili zilikuwa zimepungua kwa asilimia 60 hivi kwa waliopewa pilipili na asilimia 30 hivi kwa waliopewa kidonge kitupu. Kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake, huigusa neva ya maumivu, na ikiguswa mara kwa mara neva hiyo hupunguza kuitika. Kipokezi cha kapsaisini katika neva hiyo kiligunduliwa na mtafiti wa Marekani David Julius mwaka 1997, na mwaka 2021 alishiriki Tuzo ya Nobeli. Faida ilianza kuonekana wiki ya 3, kwa hiyo siku za mwanzo zinaweza kuwa ngumu.

Dada aliyeuliza kuhusu shamari kwa mtoto mchanga mwenye chango: lipo jaribio la Urusi la mwaka 2003 ambapo matone yenye mafuta ya mbegu za shamari, yaliyozimuliwa sana, yaliwatuliza asilimia 65 ya watoto, dhidi ya asilimia 24 hivi ya waliopewa matone matupu. Pamoja na hayo sikushauri kumchemshia nyumbani. Mtoto wa chini ya miezi 6 anatakiwa apate maziwa ya mama pekee, maji ya kuchemshia viungo hayana kipimo, na shamari ina estragoli, kemikali inayowatia wasiwasi wasimamizi wa dawa barani Ulaya kwa watoto wadogo. Usimpe kabisa chai ya nyota ya anise, kwani ipo ya Kijapani inayofanana nayo na ambayo ni sumu; mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watoto kupata degedege. Asali nayo isitumike kwa mtoto wa chini ya mwaka 1.

Kaka aliyeandika kwamba kwao kuhara hutibiwa kwa tangawizi na ndimu: tafadhali, kwa mtoto anayeharisha kinachookoa maisha ni maji, chumvi na sukari. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis alikitumia kinywaji hicho katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh iliyokumbwa na kipindupindu, na vifo vikashuka kutoka asilimia 30 hivi hadi chini ya 4. Pakiti za ORS zinapatikana vituo vya afya na maduka ya dawa. Zikikosekana, chukua lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, ukoroge hadi viyeyuke, na mtoto anywe kidogo kidogo kila baada ya kuhara. Aliyezidi miezi 6 hupewa pia zinki miligramu 20 kwa siku, na mdogo zaidi miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Kinyesi chenye damu, macho yaliyozama, kulegea au kushindwa kunywa ni sababu za kukimbilia hospitali bila kusubiri.

Jambo la mwisho ni dawa zinazogongana na viungo. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asianze kumeza tangawizi, manjano au habasoda kwa kipimo cha dawa bila daktari wake kujua, na mwenye mawe kwenye nyongo aepuke vidonge vya manjano. Habasoda huweza kushusha sukari, kwa hiyo mgonjwa wa kisukari aliye kwenye dawa apime mara nyingi zaidi akianza kuitumia. Kiasi kinachoingia kwenye pilau hakina tatizo. Wafamasia mliomo humu, naomba mtueleze mnayoyaona kwa wagonjwa wenye presha na kisukari wanaochanganya dawa zao na viungo hivi, maana wengi wao hawasemi mpaka waulizwe.